Leo Wewe Nani?

Changamwe, Jumamosi alasiri

Kwako Kache, mavyaa wangu,

Umevuka feri kwenda Likoni kumuaga mama yako mdogo Dama, nami nimebaki na nyumba na begi lako. Nimeketi kitandani mwako, begi liko miguuni, na daftari hili ni lile la hesabu ulilolitupa kidato cha tatu. Usicheke kwamba mtu amwandikia barua binti aliyetoka asubuhi na atakayerudi kabla ya magharibi. Nikikueleza kwa mdomo utanikatiza, au nitalia, au tutaanza mizaha yetu na hili nitakalo kulisema litapita hivi hivi, kama lilivyopita miaka yote.

Habari za blanketi na baridi ya Nairobi sitakuandikia. Hizo baba yako amezihubiri wiki nzima, nawe umemwitikia abee, abee, mpaka nikakuonea huruma. Wajua yeye hawezi kukukemea. Umechukua jina la mama yake, basi akikuona anamwona mzazi wake, na mimi ndiyo maana tangu ukiwa mchanga nakuita mavyaa. Nilikuwa nikikuogesha huku nikikuomba radhi kwa mchuzi wangu mbaya.

Tangu mchana nasinzia na kuamka. Joto la leo halina upepo. Nikifumba macho tu nasikia cherehani, sauti ya laini nzima ya washonaji ikishona kwa pamoja, na vumbi la uzi likielea kwenye mwanga wa madirisha ya juu, jeupe, halitui. Ni miaka mingi sijaingia ndani ya kiwanda kile, lakini nikilala mchana huwa mle. Mikono yangu inasukuma kitambaa. Halafu mtu ananiita kwa jina la Dama, nami naitika.

Kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako kuna kitambulisho cha Mbeyu, binti ya Dama. Ni mimi niliyekwenda kukiomba. Ni mimi niliyesema kwamba wewe na Mbeyu mwafanana mpaka kwenye nyusi, kwamba chako kimekwama mara ya pili, kwamba kazi ya Jumatatu haiwezi kungoja alama za vidole zipatikane. Wewe ulisitasita. Nilikuona. Uliuliza, "Mama, na wakigundua?" nami nikacheka, nikasema kwani nani hutazama picha zile. Kile kicheko changu nimekuwa nikikisikia siku tatu hizi.

Sasa nikupe habari za kitambulisho kingine.

Unajua nilishona nguo kiwandani, lakini sikuwahi kukuambia nilishona nini. Nilishona mfuko wa nyuma wa suruali ya jinzi, upande wa kushoto. Miaka tisa, mfuko wa kushoto. Wa kulia ulikuwa wa Mary, yule mama wa bara anayeuza mitumba hapa stendi, ambaye wewe humwita shangazi. Suruali zote zilikwenda ng'ambo. Tulikuwa tukikaa na Mary wakati wa chakula tukijiuliza ni matako ya nani yanayokalia kazi yetu. Mary alikuwa akisema, "Mimi najua wangu ni mnono, ndiyo maana wanataka uzi mara mbili."

Mwanzoni tulikuwa vibarua wa kuchaguliwa langoni kila asubuhi. Halafu, wewe ukijifunza kutembea, ikaja sheria mpya ya kazi. Tuliisikia redioni, hatukuielewa yote, lakini moja tulilielewa: kibarua ambaye kazi yake ni ya kuendelea ikafika miezi mitatu, huyo si kibarua tena. Ana likizo, ana notisi, ana siku ya kupumzika, na akiondoka anapewa cheti cha kuonyesha kwamba alikuwepo. Tulishangilia. Mwanamke mmoja wa laini ya zipu alipiga vigelegele msimamizi akiwa amesimama palepale.

Kiwanda nacho kiliisikia redio ileile. Ndipo kukaanza kupumzishwa. Kabla miezi mitatu haijatimia unaambiwa, "Wewe kapumzike, rudi baada ya wiki mbili." Ukirudi, unaandikwa upya kama mtu aliyezaliwa asubuhi ile.

Wiki mbili bila kazi, Kache, na baba yako siku hizo mgongo umemlaza. Nikaenda Likoni kumlilia Dama. Nilimkuta mlangoni akikuna nazi. Hakuacha hata kukuna. Akaniambia, "Da Sidi, si uchukue kitambulisho changu? Mimi nafanyia nini nacho hapa na mbuzi ya nazi? Kwani jina laisha kwa kutumiwa?"

Kesho yake nikasimama langoni kama Dama Katana. Karani alinijua vizuri. Aliitazama picha, akanitazama mimi, akauma kalamu.

"Leo wewe nani?"

"Leo mimi Dama."

Akaandika. Nyuma yangu wote wakacheka, na yeye akacheka. Kutoka siku ile ikawa ndiyo desturi. Miezi karibu mitatu niko Sidi, Sidi akipumzishwa anaingia Dama, Dama akipumzishwa anarudi Sidi. Hatukuwa wachache. Kulikuwa na waliotumia vitambulisho vya mawifi, vya majirani, mmoja alitumia cha marehemu dadake. Kila asubuhi karani anauliza leo wewe nani, na sisi tunajibu tukijichekea. Tuliona tumewapiga chenga. Wao wametufungia mlango, sisi tumepitia dirishani. Mimi nilikuwa wa kwanza kujisifu. Mary aliyekuwa akienda nyumbani kila alipopumzishwa, akila uji na wanawe wiki mbili na kurudi kwa jina lake lilelile, tulimwona mshamba.

Haikunipitikia hata mara moja kwamba karani hakuwa akicheka nasi. Kile kiwanda kilichotaka kukifanya, yaani kuzikata siku zangu vipande vipande zisishikane, mimi nilikuwa nikikifanya kwa mikono yangu mwenyewe, bure, na kwa furaha.

Nilizoea. Hilo ndilo la ajabu, nilizoea kabisa. Zile zamu za Dama nilikuwa nikitembea tofauti, taratibu kidogo, kama anavyotembea yeye. Nilicheka kicheko chake. Siku nyingine nikirudi jioni, nikipita reli, naona taa za nyumba zinawaka moja moja, sijui ni nani anayerudi. Baba yako akiniita Sidi nachelewa kuitika. Alidhani nimechoka, na kweli nilikuwa nimechoka.

Hapa nataka usome polepole.

Ulikuwa na miaka sita. Mwalimu aliona una homa, akakurudisha na jirani yetu Mama Fatuma, naye kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu akakuleta mpaka lango la kiwanda. Askari wa langoni alikuwa mgeni, wiki yake ya kwanza. Ukamwambia wamtaka mama yako, Sidi. Akatazama orodha. Sidi hayupo, Sidi amepumzishwa. Ukalia. Mama Fatuma akamsihi sana, mpaka askari akatuma mtu aingie ndani aulize.

Mimi nilimsikia. Alisimama mwanzo wa laini akaita kwa sauti, "Kuna Sidi hapa? Sidi Katana?"

Hakusema ni mtoto. Hakusema kuna mgonjwa. Na siku ile alikuwepo msimamizi mkubwa, na mgeni mwenye karatasi anayekagua majina. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo, wametugundua. Mary alinitazama. Nikainamisha kichwa juu ya mfuko wangu wa kushoto nikaendelea kushona. Akaita mara ya pili. Mguu wangu haukutoka kwenye pedali.

Nilitoka jioni. Nikakukuta nje ya lango umelala kwenye leso ya yule mama muuza mihogo, Mama Fatuma amekaa kando anakupepea kwa gazeti. Mwili wako ulikuwa moto. Ulifumbua macho, hukulia. Uliniambia, "Mama, walisema hupo."

Wewe hukumbuki, au wasema hukumbuki. Nilipokuuliza mwaka juzi ulisema wakumbuka mihogo tu, na pilipili iliyokuunguza midomo. Mimi nakumbuka yote. Ulipona baada ya siku nne, na hakuna aliyenilaumu. Baba yako alisema askari mjinga. Nilimwacha aamini hivyo. Mpaka leo sijamwambia mtu kwamba niliitwa nikanyamaza, isipokuwa Mary ambaye alikuwepo, na sasa wewe.

Na ungedhani nilijifunza pale pale. Wapi! Mwezi uliofuata nilirudi langoni. "Leo wewe nani?" Leo mimi Dama.

Mwisho wake ulikuja kiwanda kilipopunguza watu. Waliotupwa nje, mimi na Mary kati yao, walikwenda mahakama ya kazi, wakiongozwa na wanawake watatu wa laini ya zipu, na wakangoja muda mrefu. Kisha mahakama ikasema maneno ambayo Mary aliyashika kwa moyo kama sala. Ilisema kule kupumzishwa kulikuwa ujanja tu. Mtu anayerudi kwenye cherehani ileile, kazi ileile, chini ya msimamizi yuleyule, huyo hakuwa kibarua hata mkimwita kibarua mara elfu. Siku zake ziunganishwe.

Tukaitwa kwenye ukumbi wa jamii, afisa wa kazi asome majina na kila mmoja athibitishe siku zake. Ukumbi ulikuwa na feni moja inayozunguka pole pole. Nilivaa gauni langu la kanisani. Mary alisomewa miaka yake yote, na mapumziko yake yakahesabiwa ndani, akasimama hapo akiuitikia kila mwaka. Akaitwa Dama Katana. Hakuna aliyesimama. Afisa akaita tena, Dama Katana, akapiga mstari. Akaitwa Sidi Katana. Nikasimama. Akatazama karatasi, akasema kwa upole kabisa, maana hakuwa mtu mbaya, "Mama, hapa naona ulikuwa waja na kuondoka. Unaacha miezi miwili, mitatu. Miezi hiyo ulikuwa wapi?"

Mary akanifinya mkono. Akaninong'oneza, "Sidi, si umwambie tu ukweli! Sisi sote tutasema. Karani mwenyewe alikuwa anajua."

Nilifungua mdomo. Nikamfikiria Dama na nazi zake, kwamba kutumia kitambulisho cha mtu ni kosa, na kukitoa ni kosa, na kwamba nikisema nitakuwa nimetufungisha sote wawili. Pengine wangenielewa. Pengine kuna wakili pale angesema kwamba mikono ilikuwa yangu, hata kama jina halikuwa langu. Sijui, Kache. Sikuwapa nafasi. Nilisema, "Nilikuwa nyumbani," nikakaa.

Basi Mary ana cheti. Amekuonyesha? Amekitia kwenye karatasi ya nailoni, kimeandikwa jina lake na kazi yake na mwaka alioingia na mwaka aliotoka. Si kitu kikubwa, hata picha hakina. Nilipokwenda kuomba kazi kiwanda kingine wakaniuliza, una cheti cha ulikofanya? Nikasema nimeshona miaka tisa. Wakasema, wapi? Nikaonyesha kwa mkono wangu kule Changamwe kama mtu anayeonyesha mvua ilikonyesha.

Sasa nije kwako. Wiki iliyopita ulilala hapa, miguu ukutani, ukanisomea mkataba kutoka kwenye simu. Kazi ya kukaa, ulisema, mama, kazi ya kukaa kwenye baridi ya mashine, unaionyesha kompyuta picha, unaifundisha huu ni mti, huyu ni mtu, ile ni gari. Ulikuwa unang'aa. Nilikuambia usome tena pale pa mwezi mmoja. Ukasoma: mkataba ni wa mwezi mmoja, ukiisha waweza kupewa mwingine wa mwezi mmoja. Nikakuambia usome tena pale chini. Ukasoma kwamba wewe si mwajiriwa bali ni mkandarasi. Ulidhani sikuelewa Kiingereza chake. Nilielewa kabisa. Lilikuwa lango lilelile, ila limepakwa rangi mpya na kuwekwa kwenye simu.

Sikusema kitu kwa sababu ulikuwa na furaha, na kwa sababu kitambulisho cha Mbeyu kilikuwa tayari kwenye pochi yangu.

Sikuambii usiende. Vijana wa ofisi kama hiyo, nasikia redioni, nao wamefika mahakamani, na majaji siku hizi hawaishii kutazama karatasi inakuitaje. Wanauliza nani anakupangia saa za kuingia, nani anakutuma, nani anaweza kukufukuza. Mwezi mmoja ukifuatwa na mwingine na mwingine, huenda siku moja mtu atakuja kuziunganisha siku zenu kama walivyoziunganisha za Mary. Siku hiyo ikifika, nataka akute za kuunganisha. Nikikupeleka na jina la Mbeyu, hata ukikaa miaka kumi, ni Mbeyu aliyekaa. Mbeyu atakuwa na miaka yako, naye yupo Likoni anasuka nywele za watu.

Na ukiugua huko, mavyaa wangu, nikapiga simu kumuuliza Kache, wataniambia hayupo.

Nimekitoa begini. Nimekiweka mezani, chini ya bakuli la kioo, utakiona ukiingia. Kwenye ule mfuko wa pembeni nimetia ile karatasi ya kungojea kitambulisho, yenye muhuri, na cheti chako cha kuzaliwa, na cha shule. Huenda Jumatatu wakavitazama wakasema havitoshi, uende urudi kikitoka chako. Huenda nafasi ikachukuliwa na mwingine. Nalijua hilo, na mimi ndiye ninayejua vizuri kuliko wewe kukosa kazi kulivyo. Ukirudi, utanikuta. Hatutaulizana kitu, tutakula.

Lakini sikukificha wala sikukirudisha kwa Dama. U mtu mzima. Ukiona lazima ukichukue, kichukue, na kesho asubuhi nitakusindikiza mpaka kwenye basi vilevile, nitakubebea begi vilevile. Nilichokataa ni kimoja tu, mkono unaokitia humo usiwe wangu.

Jua limeshuka kwenye mabati ya nyumba ya Mama Fatuma. Nimesinzia tena hapo katikati, kalamu mkononi, na nilikuwa kiwandani. Vumbi lilikuwa likielea. Mtu akasimama mwanzo wa laini akaita, kuna Sidi hapa? Nikaondoa mguu kwenye pedali. Nikaamka kabla sijaitika.

Nasikia sauti yako kwenye ngazi, wamsalimu jirani. Nitakunja karatasi hizi niziweke juu ya bakuli. Muda wa kudai umeshapita zamani, na hakuna ofisi itakayonipa cheti, basi wacha nijiandikie mwenyewe hapa, nawe uwe shahidi.

Mimi mama yako, Sidi Katana, nilishona mifuko ya kushoto miaka tisa katika kiwanda cha nguo cha Changamwe. Siku za Sidi zilikuwa zangu. Siku za Dama zilikuwa zangu pia. Nilikuwepo kila siku, na siku ile ulipokuja langoni na homa, mwanangu, nilikuwepo.